Jiwe, Mbuyu na Jina: Alama za Makazi ya Awali Pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanafafanua alama zinazoonesha makazi ya awali pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, hususani Kunduchi na Msasani katika Wilaya ya Kinondoni, na Mbuamaji, eneo lililokuwa chini ya Temeke kabla ya kuanzishwa kwa Wilaya ya Kigamboni. Alama hizo zimegawanywa katika makundi matatu: majengo ya mawe, alama za kimazingira kama vile mibuyu na visima, na majina ya mahali. Hoja kuu ni kwamba kila kundi linahifadhi habari za watu tofauti, ilhali sheria iliyopo inalinda zaidi kundi la kwanza. Kwa sababu hiyo, kaburi linaweza kubaki salama huku mji uliolijenga ukipotea. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kuwa kinachopaswa kulindwa ni uhusiano baina ya alama hizo, wala si alama moja moja.

1.0 Utangulizi

Historia ya Dar es Salaam huanzishwa, mara nyingi, na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambaye katika miaka ya 1860 alianza kujenga mji mpya kando ya bandari ya asili iliyokuwa karibu na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, na mji wake ukadorora hadi Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Masimulizi haya ni sahihi kwa upande wa kitovu cha jiji. Hata hivyo, yanaacha picha kwamba maeneo ya pembezoni ni nyongeza ya baadaye, yaani mapori na mashamba yaliyomezwa na mji ulipopanuka.

Alama zilizopo ardhini zinaonesha kinyume chake. Kunduchi, iliyo kaskazini mwa kitovu cha jiji, ina magofu ya msikiti unaokadiriwa kujengwa kati ya karne ya 15 na ya 16, pamoja na makaburi ya karne ya 18 na ya 19. Mbuamaji, iliyo upande wa kusini wa bandari, nayo ina magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Msasani, ambayo leo inajulikana zaidi kwa hoteli na nyumba za kifahari, ina makaburi ya zamani yaliyojengwa kwa mawe. Hata majina ya barabara kuu yanashuhudia mpangilio huo: Barabara ya Bagamoyo na Barabara ya Kilwa zinaelekea kwenye miji iliyotangulia jiji lenyewe. Kwa maneno mengine, kile kinachoitwa pembezo kiliwahi kuwa kitovu, na kitovu cha leo kilikuwa kijiji kimoja miongoni mwa vingi.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: alama hizo zinasema nini kuhusu watu walioziacha, na ni zipi kati yake zina nafasi ya kudumu katika jiji ambalo, kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, lina watu 5,383,728? Miaka 10 kabla ya hapo idadi hiyo ilikuwa 4,364,541. Ongezeko la zaidi ya watu milioni 1 katika muongo mmoja lilihitaji ardhi, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilipatikana pembezoni.

2.0 Mtazamo unaoongoza uchambuzi

Mwanahistoria wa Ufaransa, Pierre Nora, alitofautisha kati ya mazingira ambamo kumbukumbu inaishi yenyewe katika maisha ya kila siku, na mahali pa kumbukumbu, yaani pahala ambapo jamii huweka kumbukumbu kwa makusudi baada ya mazingira hayo kudhoofika. Kwa mtazamo huu, kibao cha maelezo mbele ya gofu ni ishara ya mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo hilo linathaminiwa, na kwamba wapitao hawalijui tena bila kuelezwa.

Mtazamo huu unafaa kwa Dar es Salaam, lakini unahitaji kurekebishwa. Katika pwani ya Waswahili, kaburi la kale haliwi kumbukumbu tupu. Linaweza kuendelea kutembelewa kwa dua na ziara hata pale ambapo msikiti wa jirani umebaki kuta tu. Hivyo, alama moja huweza kuwa malikale mbele ya serikali, kaburi la babu mbele ya ukoo, na kizuizi mbele ya mwenye kiwanja kinachopakana nayo. Mvutano wa maana hizi tatu ndio unaoamua hatima ya alama nyingi za pembezoni.

3.0 Makazi yaliyotangulia jiji

Wenyeji wa mwambao huu wanaotajwa zaidi katika vyanzo vya kihistoria ni Washomvi, Waislamu wa pwani ambao masimulizi yao yanaihusisha asili yao na Barawa, katika pwani ya Somalia. Waliishi katika miji midogo na vijiji kama Kunduchi, Msasani, Mzizima na Mbuamaji, wakitegemea uvuvi, chumvi na biashara. Nyuma yao, kuelekea Pugu na Kisarawe, waliishi Wazaramo, wakulima waliomiliki njia za kuelekea bara.

Uhusiano wa makundi haya mawili unasimuliwa katika habari za kale za Dar es Salaam zilizochapishwa kwa Kiswahili na Carl Velten mwaka 1907. Masimulizi hayo yanaeleza kuwa watu wa pwani walisumbuliwa na Wakamba, wakaomba msaada kwa kiongozi wa Wazaramo aitwaye Pazi Kilama, na baada ya ushindi wakakubali kumpa ada. Thamani ya masimulizi haya haiko katika maelezo ya vita pekee. Yanaonesha kuwa mji wa pwani haukujitosheleza: ulimlipa mtu wa bara ili ukae kwa amani, na mtu wa bara aliihitaji pwani kwa chumvi, samaki na nguo. Katikati ya karne ya 19, Mbuamaji na Kunduchi zilikuwa pia miongoni mwa bandari zilizohudumia misafara ya bara.

Vilevile, utafiti wa kiakiolojia umerudisha nyuma mwanzo wa makazi ya pwani kwa karne nyingi. Felix Chami, katika tasnifu yake ya mwaka 1994 kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza Baada ya Kristo, alionesha kuwa jamii za wakulima na wafua chuma zilikuwapo mwambaoni kabla ya misikiti ya mawe. Jamii hizo ziliacha vigae vya vyungu na mabaki ya chuma, wala hazikuacha kuta. Jambo hili ni la msingi kwa hoja ya makala haya, kwa kuwa linatahadharisha kwamba alama inayoonekana zaidi si lazima iwe ya kale zaidi.

4.0 Alama za mawe na namna ya kuzisoma

Magofu ya pwani yana lugha yake, na mtu anayeielewa anaweza kujua mengi bila kusoma kibao. Jambo la kwanza ni malighafi. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa kutoka kwenye mwamba wa pwani, yakaunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya kuni nyingi. Paa liliegemea boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliowekea mpaka upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya majengo ya kale ya Waswahili ni virefu na vyembamba.

Jambo la pili ni mwelekeo. Kutoka pwani ya Afrika Mashariki, Makka iko upande wa kaskazini. Kwa hiyo ukuta wenye kibla katika msikiti wa kale huwa upande wa kaskazini, na kaburi hulazwa katika mhimili wa mashariki na magharibi ili maiti, akilazwa kwa ubavu wa kulia, aelekee kibla. Pale ambapo kuta zimeanguka na kubaki msingi tu, mwelekeo huu husaidia kutambua kama jengo lilikuwa msikiti au nyumba.

Jambo la tatu ni nguzo. Makaburi kadhaa ya Kunduchi yana nguzo za mawe zilizosimama upande mmoja wa kaburi. Mtindo huu unapatikana pia Kaole karibu na Bagamoyo, na Malindi na Mambrui nchini Kenya, na hauna mfano wa karibu katika nchi za Kiarabu. Ni ubunifu wa pwani yenyewe. Katika nguzo na kuta za makaburi ya namna hii mafundi walipachika mabakuli ya kaure kutoka China. Mabakuli hayo yalikuwa pambo na tangazo kwa pamoja: yalimweleza mpita njia kuwa marehemu alikuwa mtu wa daraja, mwenye uhusiano na biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa mtafiti yana faida nyingine, kwa kuwa umri wa chombo husaidia kukadiria umri wa kaburi, ingawa chombo kinaweza kuwa kilitunzwa miaka mingi kabla ya kupachikwa. Katika makaburi mengi ya pwani mabakuli yameng'olewa, na kilichobaki ni shimo la duara kwenye chokaa. Shimo hilo nalo ni ushahidi, ila ushahidi uliopoteza tarehe yake.

Pamoja na thamani hiyo, alama za mawe zina upendeleo. Ni wachache walioweza kugharimia chokaa, mafundi na kaure. Wavuvi, watengeneza chumvi, wanawake wengi, watumwa na wakulima wa Kizaramo waliokuja mjini kubadilishana mazao waliishi katika nyumba za miti na udongo na wakazikwa bila nguzo. Anayehesabu makaburi ya mawe anahesabu wakubwa wa mji, hauhesabu mji.

5.0 Alama zisizo za mawe

5.1 Miti na visima

Makaburi ya Kunduchi yamezungukwa na mibuyu. Katika mwambao wa Afrika Mashariki mbuyu ni mwandani wa makazi ya kale: watu waliutumia kwa matunda, majani, magome na kivuli, na mara nyingi hawakuukata walipofyeka. Kundi la mibuyu mikubwa karibu na pwani huwa dalili ya kuchunguzwa na mwanaakiolojia hata kabla jiwe lolote halijaonekana. Kisima nacho ni alama ya aina hiyo. Mji wa pwani ulihitaji maji matamu kando ya maji ya chumvi, na mahali kisima kilipochimbwa ndipo penye habari za maisha ya kawaida: vigae vya mitungi, njia za miguu, na eneo la nyumba za wale ambao hawakujengewa nguzo.

5.2 Majina ya mahali

Kundi la tatu halishikiki kwa mkono. Mikocheni ni mahali pa mikoche. Mkwajuni ni penye mkwaju. Mwembeyanga ya Temeke imebeba mwembe katika jina lake. Mti ukishakatwa, jina hubaki likieleza sura ya ardhi kabla ya nyumba. Majina mengine yanahifadhi watu. Mtoni kwa Aziz Ali inamkumbusha mjenzi aliyejulikana kwa kujenga misikiti Dar es Salaam, na masimulizi yanayojulikana sana yanaihusisha Msasani na mtu aliyeitwa Musa Hasani. Muundo wa "kwa fulani" ni kumbukumbu ya umiliki na ujirani: unaeleza nani alitangulia, na wageni waliofuata walijielekeza kwa nani.

Jina pia linaweza kufunika jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, eneo la Mbuamaji lilikuwa mahali pa kijiji cha Ujamaa kilichopokea watu kutoka mjini, kikaitwa Gezaulole, maneno ya Kizaramo yenye maana ya "jaribu uone". Jina hilo sasa ni alama ya kihistoria kwa haki yake lenyewe, kwa kuwa linahifadhi matumaini na mashaka ya siasa ya Ujamaa katika maneno mawili. Lakini kadiri Gezaulole ilivyozoeleka, jina la Mbuamaji lilisogea karibu zaidi na magofu. Mji wa kale umekuwa jina la mawe yake.

Mfano wa Kijitonyama unaonesha jambo hilo kwa upande mwingine. Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa hapo mwaka 1967 ili kuonesha nyumba za asili za makabila ya Tanzania, na leo mtaa na kituo cha daladala vinaitwa Makumbusho. Miongoni mwa nyumba zinazooneshwa imo ya Wazaramo. Nyumba ya mwenyeji inaoneshwa kama kielelezo katika ardhi ambayo nyumba za namna hiyo ziliwahi kuwa makazi ya kawaida.

6.0 Sheria na mstari wa mwaka 1863

Ulinzi wa malikale Tanzania Bara unatokana na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1937 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ilifuata baadaye. Katika sheria hiyo, jengo au kaburi lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linahesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale kutokana na umri wake. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji kutangazwa na Waziri katika Gazeti la Serikali.

Kwa Dar es Salaam, mwaka huo una matokeo ya kipekee. Unapita karibu kabisa na kuanzishwa kwa mji wa Majid, hivyo unaitenga pwani ya Washomvi na jiji lililofuata. Msikiti wa Kunduchi upo upande wa ulinzi wa moja kwa moja. Lakini uwanja mmoja wa makaburi unaweza kupitiwa na mstari huo katikati: kaburi la mwaka 1850 limo, la mwaka 1870 halimo, isipokuwa eneo zima liwe limetangazwa. Familia iliyozika vizazi vitatu mahali pamoja haikuwa na habari ya mstari huo, na hakuna sababu ya kihistoria ya kuitenganisha.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ulinzi wa moja kwa moja unahusu kilichojengwa. Mbuyu, uwanda wa chumvi na jina havikujengwa kwa maana hiyo. Sheria inampa Waziri uwezo wa kutangaza maeneo, na hapo ndipo penye njia ya kuvihifadhi. Lakini njia hiyo inahitaji mtu kuchukua hatua, wakati upimaji wa viwanja hausubiri.

7.0 Kitu kikibaki, mahali pakipotea

Mpango Mkuu wa kwanza wa jiji baada ya Vita ya Pili ya Dunia ulitolewa mwaka 1949, ukafuatiwa na mingine mwaka 1968 na 1979. Hata hivyo, sehemu kubwa ya upanuzi ilitangulia mipango au ilikwenda nje yake. Pembezoni, alama mpya kabisa ya makazi ni jiwe la mpaka la mpima ardhi. Ni jiwe dogo la zege, lakini lina nguvu kuliko nguzo ya kaburi, kwa sababu linaamua nani atajenga ukuta wapi.

Kunduchi inaonesha jambo hili kwa namna ya pekee. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji katika kilima cha Wazo kilicho jirani, kikitumia mawe ya chokaa ya ukanda huo. Malighafi iliyowapa mafundi wa kale misikiti na makaburi ndiyo inayojenga nyumba zinazoyazunguka makaburi hayo leo. Jiwe ni la asili moja; kilichobadilika ni kasi. Kusini, kufunguliwa kwa Daraja la Nyerere mwaka 2016 kuliipa Kigamboni njia ya barabara ya moja kwa moja kuvuka mkono wa bahari, na ardhi iliyokuwa ng'ambo ya kivuko ikawa karibu na jiji.

Katika hali hii, uzio kuzunguka gofu ni wa lazima, lakini una gharama yake. Mji wa pwani ulikuwa mpangilio: msikiti, makaburi, kisima, nyumba, bandari ndogo na njia ya kuelekea bara. Gofu likikatwa kutoka kwenye mpangilio huo, mgeni huona kaburi lisilo na mji, na kwa urahisi huamini kuwa wageni fulani walipita, wakazika wafu wao, wakaondoka. Hapo ndipo hasara inapogeuka kuwa ya watu. Mkazi ambaye babu zake walitengeneza chumvi hapo hana nguzo ya kuonesha. Mti na jina vilikuwa shahidi wake. Vikiondoka, anakuwa mgeni katika historia ya kwao, na dai lake la kupita kwenda kuzuru makaburi linakosa mashiko mbele ya hati ya jirani.

Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyofanyika kabla ya Sensa ya mwaka 2022, ilisimika vibao vya majina ya barabara na mitaa nchini kote na kuzipa nyumba namba. Haikubuniwa kama mradi wa malikale, lakini imeonesha kuwa jina linaweza kupewa nguzo yake kwa gharama ndogo. Jina la kale la kisima au la mbuyu likiandikwa kwenye kibao cha mtaa, linaingia katika anwani, katika barua na katika vinywa vya watoto.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa alama za makazi ya awali katika pembezoni mwa Dar es Salaam ni za aina tatu, na kwamba hakuna aina moja inayotosha. Mawe yanahifadhi habari za wenye uwezo na yanalindwa na sheria. Miti na visima vinaelekeza kwenye maisha ya kawaida na ulinzi wake ni dhaifu. Majina yanabeba kumbukumbu pana kuliko vyote na yanategemea ndimi za watu. Zikisomwa pamoja, zinaonesha mji. Zikitenganishwa, zinaonesha mabaki.

Kwa msingi huo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, maeneo kama Kunduchi na Mbuamaji yachorwe ramani pamoja na miti, visima na njia zake kabla ya viwanja vinavyoyazunguka kupimwa upya, ili tangazo la Waziri liweze kuhusu eneo lote. Pili, serikali za mitaa zikusanye majina ya zamani kutoka kwa wazee, pamoja na maelezo yake, na kuyatumia kwanza kila mtaa mpya unapopewa jina. Tatu, vibao vya maelezo vieleze watu kabla ya kueleza jengo: nani aliishi hapo, alikula nini, alibadilishana nini na nani wa bara, na wazao wake wako wapi. Wengi wao wako jirani, na baadhi ya majibu hayo bado yanaweza kupatikana kwa kubisha hodi.